Mvuvi Mgeni na Uchaguzi wa Maji Salama

Watu wengi wa Kenya waliozaliwa mbali na bahari leo wanaishi karibu nayo. Wako walimu, askari, mafundi, makarani na watumishi wa hoteli waliotoka bara wakapata kazi Mombasa, Kwale, Kilifi, Malindi na Lamu. Mtu wa namna hii huwaona wavuvi wakirudi asubuhi na mitungo ya tafi na changu, naye huingiwa na hamu ya kwenda baharini mwenyewe. Hamu hiyo si mbaya. Samaki ni chakula chema kwa watoto, na kazi ya kuvua humfundisha mtu saburi. Lakini bahari haimwulizi mtu alikotoka, wala haimpi mgeni muhula wa kujifunza kabla ya kumjaribu. Hata kijana aliyezaliwa pwani asijione kuwa amesalimika, maana kuogelea ufukweni ni jambo moja, na kuongoza chombo peke yake ni jambo jingine.

Chombo kinachosemwa hapa ni kidogo. Huenda kikawa hori la mbao, au mtumbwi uliochongwa kwa mwembe, au kile chombo cha siku hizi kiitwacho kayaki. Kayaki ilibuniwa na Wainuit, watu wa nchi za barafu za kaskazini ya dunia, ambao waliifunika kwa ngozi za sili na kuitumia katika kuwinda. Siku hizi hutengenezwa kwa plastiki, urefu wake huwa kama mita 3 au 4, na mara nyingi mtu huketi juu yake, akapiga kafi lenye bapa mbili, moja kila upande. Huonekana Diani, Kilifi na Watamu. Jina ni geni, lakini kanuni za bahari ni zile zile. Chombo chepesi kinachoendeshwa kwa mikono ya mtu mmoja hakina injini ya kukiokoa, wala tanga la kukikimbiza.

Basi neno kubwa la leo ni hili. Mahali pema pa kuanzia si pale penye samaki wengi kupita pengine. Mahali pema ni pale ambapo mtu akichoka, au akipoteza kafi lake, au chombo chake kikipinduka, maji yenyewe na upepo wenyewe humrudisha pwani. Mvuvi mgeni sharti akichagua mahali ajiulize kwanza, "Nikishindwa hapa, nitapelekwa wapi?" Akipata jibu la swali hilo, ndipo aulize habari za samaki.

HESABU YA NGUVU ZA MIKONO

Mtu anayeanza, akipiga kafi katika maji yaliyotulia, huenda kama kilomita 4 kwa saa, wala hawezi kudumu hivyo kwa muda mrefu. Sasa mkondo ukimjia usoni kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, faida yake ni kilomita 1 tu. Akiwa mita 500 kutoka pwani, itampasa apige kafi kwa nusu saa nzima bila kupumzika, na kila akipumzika hurudishwa nyuma. Mkondo huo ukifika kilomita 4 kwa saa, atajitahidi mpaka mikono imlegee, na huku anauona mnazi ule ule ubavuni mwake. Haihitaji tufani kumpoteza mtu. Hesabu hii ndogo yatosha.

Kwa sababu hiyo, mgeni hana budi kuyafahamu mambo manne kabla ya kushusha chombo: mwamba na milango yake, kujaa na kupwa kwa maji, upepo, na hali ya chini ya maji.

MWAMBA NA MILANGO YAKE

Toka mpaka wa Tanzania kwenda juu hadi karibu na Malindi, mwamba wa matumbawe umeandamana na pwani, mahali pengi kwa umbali wa mita 500 hadi kilomita 2 kutoka ufukweni. Mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi huvunjika juu ya mwamba huo, na maji yaliyo baina yake na nchi kavu huwa ya kina kidogo na utulivu. Hayo maji ya ndani ndiyo shule ya mvuvi mgeni.

Lakini mwamba huu si ukuta mzima. Una milango. Matumbawe hayastawi penye maji ya mto na matope, na kwa hiyo mahali pengi penye mto au mkono wa bahari, mwamba umekatika. Meli huingia Kilindini kwa kupitia mlango wa namna hiyo, na milango mingine iko Mtwapa, Kilifi na kwingineko. Maji yanayoletwa ndani na mawimbi na kwa kujaa kwa bahari sharti yatoke tena, na njia yao kubwa ni milango hiyo. Wakati wa kupwa, mlango huwa kama shingo ya chupa: maji ya eneo kubwa hupita mahali pembamba, na mwendo wake huzidi nguvu za mikono.

Hapa ndipo penye kishawishi. Katika milango hukusanyika kolekole na mzia, wakingojea samaki wadogo wanaochukuliwa na mkondo. Wavuvi wazoefu huenda huko wakarudi na samaki wakubwa, na mgeni akiwaona hutamani kuwafuata. Wahenga walisema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mvuvi mzee anajua saa ya kuingia na saa ya kutoka, na jiwe la kujikinga nyuma yake, na mara nyingi ana mwenzake katika chombo. Mgeni anaona samaki tu. Elimu iliyomleta samaki haioni. Basi na akae mbali na mlango, kilomita 1 au zaidi, na pia asiukaribie mwamba wenyewe mahali mawimbi yanapovunjika, maana wimbi moja laweza kuinua chombo chepesi na kukipiga juu ya matumbawe.

KUJAA NA KUPWA

Katika pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Tena kujaa kwenyewe si sawa siku zote. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na siku hizo tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na katika bamvua kubwa hukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka ikawa kama mita 1 tu.

Maana yake kwa mvuvi mgeni ni dhahiri. Siku za bamvua maji mengi sana huingia na kutoka kwa muda ule ule wa saa 6 na kidogo, na kwa hiyo mikondo huwa mikali. Siku za maji mafu, maji machache husogea, na mikondo hupoa. Mgeni na achague maji mafu.

Aangalie pia saa. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza ya kupwa hushuka polepole, saa ya pili huongeza mwendo, na saa ya tatu na ya nne hukimbia kuliko zote, kisha hupungua tena. Hesabu ya mabaharia ni hii: ukiigawa tofauti yote mafungu 12, saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano mafungu 2, na ya sita fungu 1. Mtu aliyetoka maji yamejaa tele, akaona yametulia kama ya bakuli, huweza kukuta baada ya saa mbili kwamba bahari ile ile imekuwa mto unaokwenda nje.

Wakati unaomfaa ni wakati maji yanapojaa. Atoke saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa tele, na arudi yanaposimama, kabla hayajaanza kukimbia. Katika muda huo mkondo humsukuma upande wa nchi kavu, na akishindwa huletwa pwani. Hapa maumbile yameisaidia pwani ya Kenya. Katika sehemu za Mombasa, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Lakini siku za maji mafu hujaa karibu na saa nne asubuhi. Hivyo siku zile zenye mkondo mpole, maji huwa yanajaa asubuhi, kabla ya upepo wa mchana kuvuma. Mgeni akitoka saa moja au saa mbili akarudi saa nne, amepata mema mawili kwa pamoja. Hata hivyo asiende kwa kukisia. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji kujaa na kupwa, na wavuvi wa kila diko huzijua saa hizo kwa mwezi wenyewe.

UPEPO

Pwani hii ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma toka Desemba hadi Machi. Kusi huvuma toka Aprili au Mei mpaka Septemba au Oktoba, na nguvu zake huwa nyingi katika Juni, Julai na Agosti. Wakati huo mawimbi hunguruma juu ya mwamba usiku na mchana, na hata wavuvi wenye mashua hukaa pwani siku nyingi. Si wakati wa mtu kuanza. Wakati mzuri wa kujifunza ni ule wa malelezi, pepo zinapobadilishana, yaani karibu na Machi na tena Oktoba na Novemba, na pia siku tulivu za kaskazi.

Zaidi ya pepo za misimu, kuna upepo wa kila siku. Asubuhi mapema huvuma polepole kutoka bara. Jua likipanda na nchi kupata joto, upepo hugeuka ukatoka baharini, na alasiri huwa na nguvu. Watu hudhani kwamba upepo wa baharini ndio mbaya, kwa kuwa unaleta mawimbi. Lakini upepo wa baharini humleta mtu nyumbani. Upepo wa bara ndio mdanganyifu. Karibu na ufuo, chini ya minazi, maji huonekana laini kama kioo, kwa kuwa upepo bado haujapata nafasi ya kuyachafua. Mtu hushusha chombo kwa furaha, na kadiri anavyokwenda mbele ndivyo upepo unavyomsukuma kwa nyuma, naye hujisifu kwamba mikono yake ni hodari. Siku ya kugeuka ndipo ajuapo kwamba uhodari ule haukuwa wake.

Kuna njia rahisi ya kujaribu. Kabla ya kushusha chombo, mtu aingie majini mpaka kiunoni, atupe kumbi la nazi mbele yake, kisha akae ufukweni robo saa akilitazama. Kumbi likirudi pwani au likisimama, ni vyema. Likienda upande mmoja kando ya pwani, ajue mkondo unakwenda huko, na aanze safari yake kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi awe amechoka na mkondo umbebe. Likienda nje, na arudi nyumbani akanywe chai. Kumbi la nazi halina bei, na mara nyingi ndilo mwalimu wa kwanza.

CHINI YA MAJI NA PENYE KUSHUKIA

Mahali pa kuanzia pawe na ufuo mrefu wa mchanga unaoteremka polepole, ili mtu aweze kushuka popote na si penye njia moja tu. Ufuo wenye majabali marefu haufai, hata maji yake yakiwa matulivu, kwa kuwa anayechoka mbele ya jabali hana pa kushika. Vichochoro vya mikoko navyo vina shida yake. Maji yakipwa, chombo huachwa juu ya tope, na mtu akishuka huzama mpaka mapajani, na mizizi ya mikoko yenye chaza humkata miguu.

Kina cha kufikia kifuani chamtosha mwanafunzi. Katika kina hicho, juu ya majani ya bahari, hupatikana tafi na changu wadogo, na kila akipinduka husimama. Avae viatu, kwa kuwa mchangani hulala taa mwenye mwiba mkiani, na penye mawe kuna viumbe wa miba mingi. Na samaki aitwaye bunju, yule anayejivimbisha tumbo, asimpeleke jikoni kamwe. Sumu yake huua, na kupikwa hakuiondoi.

MAHALI KADHAA KATIKA PWANI YA KENYA

Mambo hayo manne yakipimwa juu ya mahali panapojulikana, mtu huona jinsi ya kuchagua.

Katika Mombasa, mgeni asiingie mlango wa Kilindini wala njia ya feri ya Likoni. Meli kubwa haiwezi kusimama ghafula, na nahodha aliye juu hakioni chombo kidogo kilicho karibu na omo yake. Fuo za Nyali na Bamburi zina mwamba mbele yake na maji ya ndani ni mapole, lakini sehemu ya maji hayo imo katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, na ndani ya hifadhi hiyo hairuhusiwi kuvua. Kwa hiyo sharti kwanza aulize mipaka.

Mikono ya bahari ya Mtwapa na Kilifi imekingwa na mawimbi ya nje, na huko Kilifi maji hupanuka ndani yakawa kama ziwa, mahali paitwapo Bahari ya Wali. Mtu aweza kujifunza kupiga kafi huko. Lakini akumbuke kwamba maji yote yale hutoka kwa njia moja. Maji yanapopwa, asiwe upande wa mlango.

Mida, karibu na Watamu, ni mahali pazuri sana kwa macho, penye mikoko na ndege wengi. Mlango wake ni mwembamba na mkondo wake ni mkali. Tena Watamu na Malindi zina hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, nako kuvua ndani yake ni marufuku. Mgeni asipeleke mshipi huko kabla ya kuuliza.

Malindi upande wa kaskazini, unapoingia mto Sabaki, mwamba haupo kuyazuia mawimbi, na maji ya mto huwa mekundu kwa udongo. Katika mlango wa Sabaki wako viboko, na katika maji ya mito ya Sabaki na Tana wamo mamba. Hapo si pa mtu anayeanza. Kadhalika mlango wa bahari baina ya Shimoni na kisiwa cha Wasini una mkondo wenye nguvu, ingawa kwa mbali huonekana kama bwawa.

Diani ina ufuo mrefu wa mchanga na mwamba mbele yake, na ni mahali pema siku za maji mafu. Upande wake wa kaskazini, karibu na msikiti wa kale wa Kongo, mto Mwachema huingia baharini, na hapo pana mkondo. Basi mgeni na akae kusini ya hapo, na ajihadhari na boti za injini za watalii.

Mahali ambapo mambo mengi mema yamekutana ni ghuba ya Gazi, kusini ya Diani. Upande wa mashariki imekingwa na rasi ya Chale, na upande wa kusini kuna mwamba. Maji yake ni ya kina kidogo, kwa wastani chini ya mita 5, na chini yake pana majani ya bahari ambayo samaki huyapenda. Kuna kijiji cha wavuvi ambao macho yao yako majini siku zote. Hata hapo kuna masharti. Siku za bamvua maji yakipwa, sehemu kubwa hukauka na chombo chaweza kuachwa mbali na pwani, na wakati wa masika mito miwili iingiayo humo huyachafua maji. Lakini siku ya maji mafu, asubuhi, maji yakijaa, mgeni akishindwa Gazi husukumwa ndani ya ghuba. Hilo ndilo jibu la swali lake la kwanza.

SHERIA NA ADABU

Kila diko lina wenyewe. Katika madiko mengi kuna kikundi cha kusimamia ufuo, ambacho watu hukiita BMU, chenye mwenyekiti na daftari lake. Mgeni asipite kando yao kama mtu apitaye shambani mwa mwenzake usiku. Aende, asalimu, aseme nia yake, aulize ni leseni gani inayomhusu na ni wapi pasipovuliwa. Juya la kukokota ufukweni na bunduki ya kuchomea samaki ni vyombo vilivyokatazwa. Mshipi na ndoana vyamtosha.

Faida ya adabu hiyo si kupata ruhusa tu. Mzee aliyeulizwa kwa heshima hueleza mambo yasiyoandikwa katika jedwali lolote: jiwe lililojificha, upepo unaogeuka nyuma ya rasi, mahali walipopinduka wengine. Na mtu aliyejulikana alfajiri hutafutwa adhuhuri asipoonekana. Asiyejulikana hana wa kumtafuta.

SIKU YA KWANZA

Siku ya kwanza isiwe siku ya kuvua. Mtu na aende na mwenzake, akipindue chombo kwa makusudi penye maji ya kifuani, na ajifunze kukigeuza na kukipanda tena, mara tano, mara kumi, mpaka aweze bila kushikwa mkono. Asiyeweza kurudi juu ya chombo chake hajawa tayari kwenda penye kina.

Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisiwekwe chini ya miguu, maana lililo chini ya miguu huelea peke yake wakati mwenyewe anazama. Kafi lifungwe kwa kamba. Filimbi, maji ya kunywa, na simu katika mfuko usioingiza maji ni mizigo midogo. Nanga ifungwe upande wa omo au wa tezi, isifungwe ubavuni kamwe, kwa kuwa mkondo ukivuta kamba ya ubavuni hukipindua chombo. Kabla ya kuondoka atazame utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na amwambie mtu aliye pwani saa yake ya kurudi.

Akiwa majini, achague alama mbili pwani zilizo katika mstari mmoja, kwa mfano mnazi uliopinda na paa la nyumba nyuma yake. Alama hizo zikianza kuachana, anachukuliwa na maji hata kama hajihisi. Akiona mawimbi yaanza kuvunjika kwa povu jeupe, au wingu jeusi lapanda, au nanga haishiki, arudi papo hapo. Asingoje samaki mmoja zaidi. Na akipinduka mahali asipofika chini, akishike chombo asikiache, kwa maana chombo huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu.

Mabibi na mabwana, baba aliyetoka nyumbani alfajiri ameacha watu wanaomtegemea kwa ada ya shule, kodi ya nyumba na unga wa kesho. Hao hawakumtuma alete kolekole wa mlangoni. Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui kina chake." Basi na ayafikie kidogo kidogo: mwaka wa kwanza ndani ya mwamba, siku za maji mafu, maji yakijaa, pamoja na watu wa diko. Akirudi na tafi watatu, amekula. Akirudi bila kitu, amejifunza, na samaki wa leo kesho wapo. La muhimu ni kwamba saa aliyowaambia watu wake ikifika, wamwone anavuta chombo chake juu ya mchanga.